Mashine Mbili na Zamu Zao za Kula

Ukitaka kunikera, nifundishe habari za betri. Kabla sijaajiriwa kiwandani nilikuwa nimetengeneza simu kwa miaka tisa katika kibanda changu cha mabati mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi, na kila mteja aliyeondoka kwangu na simu iliyopona nilimpa wasia uleule: iache iishe kabisa ndipo uichaji, na ukishaichomeka usiichomoe mpaka ijae pomoni. Wasia huo nilipewa na fundi aliyenifunza kazi, naye alipewa na fundi wake. Sikuwahi kumuuliza sababu. Watu walinisikiliza, wakaitikia kwa kichwa na kurudi nyumbani, na mimi nikazidi kujiona mtaalamu.

Aliyenipeleka kiwandani ni shangazi yangu, dada yake baba. Ndiye aliyenilea tangu nilipotolewa Kaloleni nikiwa darasa la tatu nije kusoma mjini. Yeye aliolewa Shella, akasilimu, na swala tano hazimpiti. Mimi Jumapili niko kanisani. Kwa dini hatujawahi kugombana hata siku moja, lakini kwa mengine yote, kuanzia chumvi ya mchuzi hadi namna ya kukunja shuka, tunagombana mpaka majirani wanacheka.

Kiwanda chenyewe kiko nje kidogo ya mji wa Malindi. Kinanunua maembe, kinayamenya, kinayasaga na kutoa rojo linalopelekwa kutengeneza sharubati. Wanawake humenyea katika ukumbi mmoja, na mashine ya kusaga iko katika jengo jingine ng'ambo ya uwanja. Kwa misimu mingi, maembe yaliyomenywa yalivuka uwanja ule katika kreti, na kreti zilivuka vichwani mwa wanawake. Shangazi alikuwa mmoja wao.

Mgongo wake ulikuwa umeanza kumwangusha. Nilijua kwa sababu nililala kwake mara kwa mara, na niliona anavyoamka: anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, anashika ukuta, anavuta pumzi, halafu ndipo anasimama. Alinilisha kiapo nisimwambie mtu yeyote kazini. "Wakijua nimechoka watanipa soda na mkono wa kwaheri," alisema. "Na mimi kazi yangu naipenda. Nikae nyumbani nihesabu kuku?"

Basi siku moja kiwanda kikaletewa roboti mbili za kubebea mizigo. Usidhani ni zile zenye kichwa na mikono. Kila moja ilikuwa kama meza fupi yenye magurudumu. Unaipangia kreti juu, inaondoka yenyewe, inavuka uwanja yenyewe, inarudi yenyewe. Ina macho yanayoiwezesha kuona mtu na kusimama. Hata kuku wa jirani akipita mbele yake, inasimama na kumngoja amalize shughuli zake. Siku ya kwanza mama mmoja aliipigia vigelegele, na kwa sababu zilikwenda polepole huku kila mtu akizipisha njia, wanawake wakaziita maharusi.

Meneja alikuwa akitafuta mtu wa kuziangalia, hasa betri zake, na shangazi akanitaja. Nilipoajiriwa, meneja alitukusanya ukumbini akasema wazi: "Tunazijaribu hadi mwisho wa msimu. Zikifaa, zitabaki. Zisipofaa zinarudi zilikotoka, na nyinyi mtarudi kubeba kama zamani. Na asiyeweza kubeba, nitatafuta anayeweza." Hakujua anamwambia nani. Shangazi aliinamia embe lake akaendelea kulimenya, lakini ganda lilikuwa likitoka nene, na nyama nyingi ikienda nalo. Yeye si mtu wa kumenya hivyo.

Toka siku ile kazi yangu ilikuwa moja tu, hata kama barua ya ajira ilisema mengine. Mashine zile zilitakiwa zibaki, ili shangazi naye abaki.

Mhandisi aliyezileta alikaa nasi siku mbili. Alikuwa kijana mpole mwenye mikono laini, na alinieleza kwamba betri hizi zinapenda kuchajiwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kila zinapopata nafasi. Aliniachia na kijitabu. Nilimwitikia "ndiyo, ndiyo" kwa adabu zote, na gari lake lilipotokomea tu nikaingia kwenye mipangilio nikabadilisha. Nilizielekeza mashine ziende kuchaji zikiwa zimekaribia kuisha kabisa, na zisitoke kwenye chaja mpaka zijae. Kijitabu nilikiwekea sufuria ya chai juu yake. Nilijiambia: huyu amesoma darasani, mimi nimeshika betri kwa mikono yangu.

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Maharusi walikwenda na kurudi, kina mama wakamenya kwa raha zao, na mimi nikazunguka nikiwa nimefunga mikono nyuma kama mwalimu wa zamu.

Lakini kiwanda cha maembe kazi yake ya kweli huanza saa nane mchana, malori yanapofika kutoka mashamba ya bara. Ngowe, maembe yetu ya pwani, zinashushwa kwa mamia, joto limepamba moto, na maembe yaliyomenywa hayangoji, yanaanza kuchacha. Saa hiyohiyo mashine ya kwanza ikaishiwa chaji, ikaenda zake kwenye chaja. Haikupita robo saa, ya pili nayo ikaishiwa. Chaja ilikuwa moja. Ya pili ikafika, ikamkuta mwenzake, ikasimama nyuma yake foleni, kimya, taa ikimetameta.

Na chaja nilikuwa nimeiweka mimi mwenyewe pembeni mwa ukuta wa mabati unaotazama magharibi, kwa sababu soketi ilikuwa karibu. Jua la mchana lilikuwa limeukaanga ukuta ule. Betri ikiwa ya moto kupita kiasi hukataa kupokea umeme, ili isiharibike. Sikuwa na habari. Nilichoona mimi ni taa ya manjano, na mashine imekaa kwenye chaja bila kupata chochote.

Nikamvaa mama anayefagia. Huku kwetu mtu akitoka chumbani huzima swichi ukutani, ni mazoea ya kila nyumba, na nikawa na hakika kwamba yeye ndiye aliyezima. Nilimsemesha vibaya mbele za watu. Alinitazama tu, akasema, "Swichi sijaigusa mie tangu asubuhi. Nenda kaangalie." Nilikwenda nikaangalia, na swichi ilikuwa imewashwa. Ilinichukua siku mbili kumwomba radhi, kwa sababu mimi hasira zangu huja mbio na kuondoka kwa kujikokota.

Niliporudi ukumbini, wanawake walikuwa wameshaanza kubeba. Shangazi alikuwa katikati ya uwanja na kreti kichwani. Shingo ameinyoosha, mdomo ameubana, anatembea kama anayepita juu ya mayai. Nilimkimbilia nikaichukua ile kreti. Jasho lililokuwa usoni mwake halikuwa la jua peke yake, na niliogopa kama ambavyo sikuwahi kuogopa tangu utotoni.

Yakawa hivyohivyo siku ya pili na ya tatu. Meneja akaniita. "Alhamisi ijayo mwenye kiwanda anakuja kujionea," aliniambia. "Akikuta kreti hata moja kichwani mwa mtu, sina la kumwambia. Mashine zitaondoka." Nilitoka pale nikiwalaani waliotengeneza betri, waliovuta umeme, na jua lenyewe. Mtu pekee niliyemsahau katika laana zile ni mimi.

Siku iliyofuata nilikaa ukumbini nimenuna, nikisubiri mashine zishindwe kama kawaida yake. Adhana ya adhuhuri ikasikika. Na hapo nikatazama jambo ambalo nilikuwa nalipita kila siku bila kulitazama. Hawakuinuka wote. Kila mwanamke wa Kiislamu alikuwa na mwenzake wa kupokezana naye. Nusu yao waliosha mikono wakaenda kuswali, na waliobaki wakasogea kidogo ili pengo lisionekane, wa makanisani na wa misikitini pamoja. Hao waliporudi, nusu nyingine ikaenda. Meza haikusimama hata dakika moja. Nikakumbuka kwamba hata chai ya saa nne huenda hivyo: wanatangulia Wakristo, kwa kuwa adhuhuri watakuja kushika nafasi za wenzao. Hakuna aliyeandika mpango ule popote. Meneja aliukuta, na meneja aliyemtangulia pia aliukuta. Na hakuna hata mmoja wao aliyengoja mpaka magoti yalegee ndipo aende kunywa chai.

Shangazi alirudi kutoka kuswali, mikono bado mibichi kwa udhu. Akapita mbele yangu, akasimama.

"Hivi hawa maharusi wako," akasema, "kwani ni pacha? Mbona waenda kula pamoja?"

"Shangazi, betri si mtu."

"Sikusema ni mtu. Nauliza mbona wasubiri hadi wazimie. Na wakishazimia, wazimia wote, saa ambayo sisi twawataka."

Nilifungua kinywa nimjibu kifundi. Nilikuwa na jibu tayari, lile la miaka tisa, ati betri sharti iishe kabisa. Nilipotaka kulitoa nikajisikia aibu, kwa sababu mara hii kulikuwa na mtu aliyeniuliza sababu, na sababu sikuwa nayo. Shangazi alinitazama kidogo, akaguna, akarudi kwenye maembe yake.

Nikaenda kukitoa kijitabu chini ya sufuria. Kilikuwa na duara jeusi juu ya jalada, lakini ndani kilisomeka. Kila alichoniambia yule mhandisi kilikuwemo. Betri hizi haziipendi njaa kali, wala hazipendi kushindiliwa mpaka ukingoni, na joto ndilo adui yake mkubwa. Uzima wake uko katikati: zipewe kidogo, mara kwa mara, mahali penye ubaridi. Simu nilizokuwa nikitengeneza nazo zimekuwa na betri za aina hiyo kwa miaka mingi. Nikawaza wale wateja wangu wote wa Kisumu Ndogo, wakiziacha simu zao zife kila siku kwa sababu fundi kasema. Nilitamani ardhi inifiche. Halafu, katikati ya aibu ile, moyo ukanipasuka kwa furaha: ikiwa mwenye kuharibu ni mimi, basi wa kutengeneza pia ni mimi, na sina haja ya kumngoja mtu.

Chaja tuliihamisha siku hiyohiyo. Nyuma ya ukumbi kuna ghala la zamani lililojengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta nene, na ndani yake hata saa nane mchana mtu anaweza kukaa na shati lake. Fundi umeme alituvutia waya hadi pale. Kisha nikatafuta ubao, nikauning'iniza karibu na mlango wa ukumbi, nikachora mistari miwili, mmoja wa kila mashine. Niliwaiga wanawake wa mezani bila kuongeza langu. Wakati wa chai ya saa nne, mashine ya kwanza inakwenda kuchaji robo saa, ya pili inashika kazi. Saa tano, wanabadilishana. Adhuhuri, kundi la kwanza la wanaoswali likiondoka, mashine ya kwanza inaondoka nalo. Kundi la pili likiondoka, inaondoka ya pili. Malori yanapofika saa nane, zote mbili zina nguvu. Saa nane na nusu inakwenda ya pili. Saa tisa, ya kwanza. Hakuna inayosubiri kuishiwa, na hakuna inayokaa mpaka ijae. Ijumaa niliiandikia mpango wake, kwa kuwa Ijumaa mapumziko ya adhuhuri ni marefu. Kisha nikaziingizia mashine saa hizohizo, ili ziende zenyewe.

Siku ya kwanza tulikosea kidogo, siku ya pili tukarekebisha. Kufikia Jumatano hakuna mtu aliyekuwa akibeba kreti tena. Lakini Jumatano malori yalikuwa mawili tu, na moyo wangu haukutulia.

Alhamisi yalikuja manne. Mwenye kiwanda, mzee nadhifu wa kanzu nyeupe na koti, alifika wakati lori la tatu likishushwa. Aliamkiwa shikamoo kutoka kila pembe, akaitikia, kisha akasimama mlangoni mwa ukumbi mikono nyuma. Maharusi walikuwa wakienda na kurudi bila matata. Kreti zilizojaa zilikuwa zikirundikana pale wanapopakilia, lakini si kwa kutisha.

Ikagonga saa nane na nusu. Mashine ya pili ikashusha mzigo wake, ikageuka, na badala ya kuja kwetu ikashika njia ya ghalani.

Meneja akanijia upesi. "Hiyo yaenda wapi?"

"Kuchaji."

"Sasa hivi? Mbele ya mzee? Mbona kwenye kioo chake yaonyesha bado ina nguvu? Irudishe!"

Nilikuwa na kidude cha kuziamrisha mkononi. Kuirudisha kulikuwa ni kubonyeza mara moja tu. Nikaangalia kreti, zilikuwa zinaongezeka. Mashine iliyobaki ilikuwa inajitahidi peke yake. Mwenye kiwanda akatazama saa yake. Na pembeni ya macho yangu nikamwona shangazi: ameacha kumenya, amevua leso yake begani, anaikunja duara kutengeneza kata ya kuweka kichwani. Alikuwa anajiandaa kubeba. Ningeweza kulia pale pale. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nikajiuliza: nikiirudisha sasa, saa tisa na nusu itakuwaje? Nilijua itakavyokuwa. Nilikuwa nimeshaiona siku tatu mfululizo.

"Siirudishi," nikamwambia meneja. "Ikifanya kazi mpaka iishe, tutazikosa zote mbili. Nipe robo saa."

Halafu nikaenda mezani. "Shangazi, weka leso chini."

"Mwanangu, kreti zajaa."

"Naziona. Weka chini, tafadhali."

Aliniangalia machoni. Sijui aliona nini, kwa maana ndani yangu mlikuwa na hofu tupu. Lakini aliikunjua ile leso akairudisha begani.

Robo saa ile ilikuwa ndefu kuliko mahubiri ya Pasaka. Rundo lilifika kiunoni, likapita. Meneja alikuwa anafuta shingo kwa kitambaa. Wanawake walimenya bila maneno, na ukumbi ule si ukumbi wa kukosa maneno. Kisha kutoka nyuma ikaja sauti ya magurudumu kwenye saruji, na mashine ya pili ikachomoza pembeni ya ghala, ikampisha kuku, ikaja kusimama mbele ya kreti. Mama anayefagia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipakilia.

Saa tisa ya kwanza ikaenda kuchaji, na safari hii meneja hakuuliza. Adhana ya alasiri iliposikika, rundo lilikuwa limebaki kreti tatu, na mashine zote zilikuwa kazini. Hakuna kichwa kilichobeba kitu siku ile ila mitandio.

Mwenye kiwanda alisema neno moja tu, "Zibaki," halafu akamuuliza meneja kwa nini maembe ya lori la pili yalikuwa mabichi. Wakaondoka wakizungumza maembe. Wanawake walipiga vigelegele mpaka nikaziba masikio, na mimi nikampiga busu yule mama anayefagia bila kumwomba ruhusa.

Jioni, watu wakiwa wanakusanya vitu vyao, nilimkuta shangazi amesimama mbele ya ubao. Husoma polepole, kwa kidole. Nilisimama kando yake nikangoja.

"Huyu wa pili," akasema, "aliondoka kwenda kupumzika na kazi imejaa vile."

"Ndiyo."

"Na alikuwa bado ana nguvu zake."

"Ndiyo, shangazi. Ndiyo maana alirudi."

"Na hakuna aliyemkaripia."

"Meneja alijaribu."

Hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimebaki kwenye ubao, chini ya mstari wa pili, mahali palipokuwa patupu.

"Mimi kwenye kazi hii, ukiondoa chai na swala," akasema, "sijawahi kukaa chini ila nikishindwa kusimama."

Niliyasikia machozi yakinijia, na sikuyazuia. Alikuwa amenilea hivyo, amenisomesha hivyo, na mimi nilijua kila kitu kuhusu mgongo wake isipokuwa la kufanya.

"Nipangie na mimi," akasema.

"Shangazi, meneja akiona ataniuliza."

"Asikuulize wewe, aniulize mimi. Nitamwambia ni mgongo."

Nikachukua chaki. Nikaandika mstari wa tatu: saa tano, robo saa, saa tisa, robo saa. Herufi nilizifanya ndogo, meneja asije akaziona. Shangazi alizitazama kwa makini, akachukua ncha ya leso yake akazifuta zote, akaniambia niandike upya, kwa herufi kubwa, zisomeke kutoka mlangoni.